Kamera Kwenye Uwanja wa Mnada

Jumatatu, 3 Juni

Mimi ni Ndaki, manju wa chama cha ngoma cha Bagalu hapa kwetu Ushetu. Manju ni yule anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma. Ukifika Nyasubi sokoni, Kahama mjini, ukataja jina langu, watu wataacha kupima mchele wakuelekeze. Kuandika nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima. Herufi zangu ni kubwa kama kwato lakini zinasomeka. Naandika kwa sababu watu wa sinema wamekuja, na wakiondoka kila mtu atasema ni yeye aliyeifanya. Basi ukweli uwe hapa.

Wamenichagua mimi. Mwongozaji wao, Evance, kijana wa Mwanza, amesema anataka mzee wa ngoma wa kweli, siyo mwigizaji wa kupakwa mvi. Hadithi ni ya manju ambaye mwanawe anarudi kutoka machimbo ya dhahabu Geita, na inaishia kwenye mashindano ya ngoma. Nikamwambia umefika, usitafute tena.

Jumatano, 5 Juni

Baridi asubuhi. Watu wa sinema wamezunguka uwanja wa mnada kutwa nzima wakitazama jua. Jua! Watu wazima.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimeanza kazi, na nimeanza na ugomvi.

Nilidhani mwenye kamera ni fundi tu, kama wale wa picha za paspoti: kaa hapa, inua kidevu, basi. Huyu wa kwetu ni binti, anaitwa Asteria, mtoto wa Geita, baba yake alikuwa mchimbaji. Hasemi sana. Lakini Evance akisema neno lazima amgeukie, Asteria, unaonaje. Evance anataka nitoke mlangoni kwangu. Asteria anasema nitokee nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kwa sababu pale mwanga unakata uso katikati. Evance anataka haraka, binti anataka polepole. Wanabishana kwa sauti ndogo kama mke na mume mbele ya wageni, halafu wanakubaliana jambo la tatu ambalo hakuna aliyelisema mwanzo. Nikauliza, sasa bosi hapa ni nani? Evance akasema yeye anajua hadithi inataka nini, Asteria anajua itaonekanaje, na mmoja akikosekana hakuna sinema. Nikamwambia kwetu ngoma ina manju mmoja.

Halafu kuna Luka. Kazi yake ni kuzungusha gurudumu dogo pembeni ya kamera ili uso wangu usiwe ukungu. Alikuja na utepe kama fundi cherehani, akapima kutoka pua yangu mpaka kioo cha kamera. Nikamuuliza kama ananipimia jeneza.

"Hapana, mzee. Ukisogea hatua moja, unapotea."

"Mimi sijawahi kupotea," nikamwambia, nikasogea makusudi. Wakarudia. Nikasogea tena. Mpaka jua likazama wakafunga vyombo vyao bila picha. Evance alikasirika. Asteria alisema tu, kesho mzee atatufundisha anakopenda kusimama. Nikaona huyo ana adabu.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Paroko ameuliza kama kuna nafasi ya padri kwenye sinema.

Jumanne, 11 Juni

Asteria amekuja mazoezini bila kamera. Ameketi karibu na ngoma ndogo kutwa, anapigapiga goti kwa vidole. Akaniuliza kabla sijageuka natanguliza mguu gani. Nikamwambia mguu haujui, ngoma ndiyo inayojua: ngoma ndogo ikikatika nakwenda kushoto, kubwa ikikatika nashuka chini. Kufika jioni alikuwa ananizunguka mikono mitupu kama amebeba kamera, na kila nilipogeuka nilimkuta ameshafika. Nikamwambia mke wangu Mariana, binti huyu anajifunza kwangu.

"Kila mtu anajifunza kwako, Baba Edson," akasema. "Wewe ndiye hujifunzi kwa mtu."

Alhamisi, 13 Juni

Picha nyingi leo. Nilisimama wanapotaka. Siyo kwa sababu ya utepe.

Jumatano, 19 Juni

Leo sijala.

Kwa asiyejua, mashindano yetu hayana mwamuzi. Vyama ni viwili, Bagalu wangu na Bagika. Tunapiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja wa mnada, na katikati tunamwaga mstari wa majivu. Bagika wana manju wao, Mageni, rika langu, mrefu, sauti kama dume la ng'ombe lililokwama kwenye tope. Watazamaji wako huru, wanavuka majivu kwenda upande unaowavuta. Jua likishuka, upande wenye watu umeshinda. Mwingine unabaki na vumbi na ndugu wa damu. Mimi na Mageni tumefanya hivyo tangu ujana, mara yeye, mara mimi. Mara nyingi mimi.

Sasa huyu Januari, mwigizaji anayecheza kama mwanangu, kijana mpole wa Dar es Salaam, alikuwa kwangu anakula viazi. Akasema, babu, nitaumia siku ile watu watakapokukimbia. Nikamuuliza siku gani. Akasema ya mashindano, si ndio mwisho wa sinema? Baba anashindwa, watu wote wanavuka majivu, anabaki peke yake na mwanawe anatazama. Akaendelea kumenya kiazi.

Nilikwenda kwa Evance, sikubisha hodi.

"Ni kuigiza tu, mzee wangu," akasema. "Siyo kweli."

"Watakaovuka ni akina nani?"

"Wanakijiji. Tutawaomba."

"Basi ni kweli."

Hakunielewa. Nikamweleza, mtu akifa kwenye sinema anaamka, anafuta ile rangi, anakunywa chai. Manju aliyekimbiwa mbele ya watu wa mnada haamki. Hata kama waliombwa. Kesho yake Bagika watamtungia wimbo, na wimbo hautasema kwamba waliombwa. Kwetu hakuna kushindwa kwa mfano.

Evance akasema basi atatafuta mtu mwingine. Nikamwambia tafuta. Nikaweka mikono nyuma.

Asteria alikuwa kwenye kona anafuta kioo cha kamera. Akauliza jambo moja, wimbo kama huo huimbwa mpaka lini. Nikasema mpaka wajukuu zangu wazeeke. Akamtazama Evance muda mrefu, na Evance akatazama chini.

Alhamisi, 20 Juni

Upepo. Hakuna aliyekuja kunifuata. Sikwenda.

Ijumaa, 21 Juni

Asteria amekuja na Luka. Shikamoo, marahaba, wakapewa vigoda. Akasema huenda iko njia. Akamwomba Mariana abebe ndoo, ashike njia ya kisimani, asigeuke. Akampiga picha mgongoni. Halafu akaniweka mimi mlangoni akasema nimtazame yule kuku aliyepanda juu ya banda la mbuzi. Basi. Wakaziunganisha kwenye kijitelevisheni chao, wakaniita.

Mke wangu ananiacha. Anakwenda na ndoo yake, harudi, na mimi nimebaki mlangoni kama gunia lililomwagwa. Na nilikuwa namtazama kuku!

Mariana alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimekukimbia mara ngapi kurudi kwetu, Baba Edson, na hujawahi kunitazama hivyo."

Mpango wa binti ndio huu. Siku ya mashindano tushindane kweli, mtu yeyote asiambiwe aende wapi. Kushindwa kwa hadithi kutachukuliwa vipande vipande: uso wangu alfajiri uwanja ukiwa mtupu, migongo ya watu siku nyingine wakitoka kanisani. Kisha wataunganisha. Hakuna wa Ushetu atakayeona nikikimbiwa, kwa sababu halitatokea.

Evance naye alikuja baadaye akakubali, kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Alimwambia Asteria mbele yangu kwamba uso wa kuunganisha si uso wa kweli. Akajibu, "Nipe nafasi nijaribu. Ikishindikana tutatafuta pamoja."

Jumanne, 25 Juni

Imeshindikana.

Tulikuwa uwanjani umande haujakauka. Asteria aliweka kamera chini karibu na majivu. Luka na utepe wake. Nikaambiwa nitazame upande wa pili, watu wote wamekwenda. Nikatazama. Ng'ombe wawili na mti wa mwarobaini. Evance akasema, fikiri wamekukimbia. Nikajaribu kufikiri. Mimi siwezi kufikiri nimekimbiwa, hilo ni jambo la kukaa nalo muda. Tulirudia mpaka jua likapanda na mwanga wa Asteria ukaharibika. Nilipoonyeshwa, nilionekana kama mtu anayesubiri chai.

Evance alitupa kofia chini. Akasema uso anaoutaka unakuja wenyewe au hauji. Asteria akaiokota kofia. Walitembea pamoja mpaka mwisho wa uwanja wakasimama wakiongea na kuonyeshana kwa mikono, mmoja anachora duara hewani, mwingine anafuta. Sikusikia. Ningetoa mbuzi nisikie.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemwona Evance nyuma ya bucha anaongea na Mageni. Mageni anatikisa kichwa. Asteria alikuwa pale pale. Walipeana mikono wote watatu.

Sasa najua. Watanifanyia. Watamwambia Mageni achinje dume, au alete muziki wa spika, watu wavuke, na kamera ipate uso wangu wa kukimbiwa. Nilimwambia Mariana. Akasema labda walikuwa wananunua nyama. Nikasema na wewe umeshavuka.

Jumamosi, 29 Juni

Nimefanya jambo.

Mnada ulijaa, mpaka watu wa Bukombe walikuwepo. Mageni alikuwa amesimama na wenzake, akaniamkua vizuri kwa Kisukuma, mwangaluka, ngosha, yaani umeamkaje, mwanamume. Nami sikuitika salamu. Nikapanda kwenye jukwaa la mbao la mnadi ng'ombe. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba Jumamosi ijayo siyo ya mchezo. Nikasema atakayekimbiwa siku hiyo aitundike ngoma yake na asiongoze tena mpaka azikwe. Kama Mageni ana mpango na mtu, aje na mpango wake.

Hata mnadi alinyamaza, na yule hanyamazi hata mazishini.

Mageni alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Akasema, "Ndaki, hilo umelifikiria?"

"Nimelisema."

"Nimeuliza kama umelifikiria."

Nikawatazama watu wa Bukombe. Akangoja. Halafu akasema haya, imekuwa, akaondoka. Wazee wa Bagika walipiga makofi mara moja, ndivyo tunavyofunga neno. Neno lililofungwa hivyo halirudi.

Nilifika nyumbani nimejaa nguvu. Mariana hakunipa maji. Aliuliza, na ukishindwa utakuwa unafanya nini siku nzima, utanitazama mimi?

Jumatatu, 1 Julai

Mazoezi. Vijana wamechoka. Nimewatukana.

Jumatano, 3 Julai

Asteria amekuja kunisihi nifute lile neno. Nikamwambia niambie mlichopanga na Mageni. Akasema, "Hatukupanga wewe ushindwe, babu. Mungu anisikie." Akasema la Mageni ni la Mageni kulisema. Nikamwambia basi na langu ni langu. Aliondoka bila kuaga vizuri. Kumbe naye ana hasira.

Ijumaa, 5 Julai

Kisulisuli kimeng'oa bati la bani. Sikulala mchana, najigeuza tu.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika mkono una malengelenge.

Tulianza jua likiwa limepita kichwani. Majivu yamemwagwa. Watu walikuwa wengi kuliko mnada wowote, wengine juu ya mwarobaini, wengine juu ya lori la fuso la pamba. Asteria aliweka kamera pembeni, mwisho wa mstari, jua likiwa nyuma yangu. Akaifunga begani kwake kwa mikanda. Luka alikuwa ubavuni mwake na gurudumu lake. Evance nyuma yao. Wamekubaliana kwamba kukiwa na ngoma hawasikilizani, kwa hiyo Evance akitaka kitu anamgusa bega. Kamera ilinitazama mimi, na mimi niliipa kifua.

Mwanzo ulikuwa wangu. Halafu Mageni akaingia na wimbo mpya, wa taratibu, kuhusu mke anayepika mawe akimsubiri mume aliye machimboni. Alikuwa anaongea tu, ngoma inapumua chini yake. Wanawake ndio waliotangulia kuvuka. Nikawaona migongo. Wakafuata waume zao. Nikaona majivu yanafutika kwa miguu, yote inaelekea kule. Kiuno changu kilikuwa baridi. Kijana wangu wa ngoma kubwa akaninong'oneza, tunafanyaje, babu. Nikaona kamera inanitazama, kioo chake kimetulia kama jicho la mamba, na mkono wa Evance uko juu ya bega la binti. Nikasema kumbe ndiyo hii. Wanakunywa uso wangu.

Hapo niliwaka.

Niliagiza kinu. Nikakipindua, nikapanda juu yake kwa miguu hii ya mzee, njuga zangu miguuni, nikaacha nyimbo zote za mazoezi. Nikaanza kujiimba mwenyewe. Niliimba kiburi changu. Niliimba mzee aliyepimwa pua kwa utepe, aliyemtazama kuku akadhani ni mke wake. Niliimba mke wake aliyeuliza, utanitazama mimi? Watu walicheka, kicheko kile kinachoanza kwa mmoja kisha kinaanguka kama ukuta. Mwanamke mmoja akarudi. Wakarudi watatu. Kinu kinayumba, nami nashuka na kupanda na ngoma kubwa, na wale wa kwenye fuso wakaruka chini. Walikuja kwa mbio. Vumbi lilifunika jua. Nikaona mpaka vijana wa Bagika wenyewe, wana wa dada yake Mageni, wamesimama kwangu midomo wazi.

Nikageuka niipe kamera. Ilikuwa imenipa mgongo.

Nilimwona Asteria anazunguka taratibu, magoti yamekunjwa, anatoka kwangu anakwenda kule. Evance alikuwa ameondoa mkono, hajamgusa tena. Binti aligeuka mwenyewe. Halafu ndipo nikaona mkono wa Evance unashuka begani kwake na kubaki hapo, siyo kumrudisha, ni kama kumwambia nipo. Luka anazungusha gurudumu polepole sana, ulimi nje. Wote watatu wamekuwa mtu mmoja, na mtu huyo hanitazami. Nilipiga kelele, nipo hapa! Nani asikie.

Jua liliposhuka wote walikuwa kwangu. Nimebebwa mabegani. Wamenimwagia unga wa mtama kichwani. Nimeshinda kuliko nilivyowahi kushinda, na hakuna picha.

Jumapili, 7 Julai

Mageni ametundika ngoma. Mariana ameiona akitoka kanisani, iko kwenye boriti barazani kwake, imefungwa kwa kamba ya katani. Anasema mke wake Evelina alikuwa anafagia chini yake kama haipo.

Nimesema neno ni neno. Mariana akaenda jikoni.

Jumanne, 9 Julai

Evance amekuja kuniambia. Ameleta sukari, nikajua ni msiba.

Hadithi imebadilika. Baba kwenye sinema atakuwa Mageni. Vipande vyangu vingi vitatoka, watarudia na Mageni na Januari. Mimi nitabaki manju mshindi wa upande wa pili. Nikamuuliza nani ameamua. Akasema wameamua wote wawili, yeye na Asteria, usiku mzima walikuwa wanatazama picha. Alisema yeye aliandika mzee anayeshindwa akabomoka, na binti akamwonyesha mzee anayeshindwa na habomoki, na hawezi tena kurudi kwenye kile alichoandika.

Nilimwambia achukue sukari yake. Aliiacha.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda kwa Asteria kumwambia afute. Nilikuwa nimejiandaa maneno makali.

Akasema kwanza tazama, kisha utatukana. Akafungua kijitelevisheni. Ni Mageni. Watu wanampita mbele na nyuma wakija kwangu, wanaonekana kama upepo tu, hawana nyuso. Yeye ndiye anayeonekana. Hawatazami watu hao. Anatazama ngoma yake, na mkono unaendelea, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Nikasema, haya, ameshindwa, nimeona. Binti akasema subiri, sikiliza mkono.

Nikasikiliza. Mkono wa Mageni uliacha wimbo wake. Ulikuwa unapiga wimbo wangu. Ule wa kinu, niliokuwa nautunga papo hapo. Mkono wake ulivuka majivu mwenyewe hajui, halafu akajua. Akautazama mkono. Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, akauacha uendelee.

"Ndiyo maana niligeuka," akasema Asteria. "Nilisikia ngoma mbili zimekuwa moja. Wewe ulinifundisha kusikia."

Nikamwambia afute. Siyo kwa ajili yangu. Nikasema mzee mwenzangu asionekane hivyo na dunia. Akasema hawezi kufuta kwa ombi langu, maana Mageni alishalisema lake siku ile nyuma ya bucha. Evance alimwomba kama anaweza kuwa yeye wa kushindwa, kwa kuwa Ndaki hawezi. Mageni alisema, "Mimi sishindwi kwa kuombwa. Lakini nikishindwa kweli, mnichukue, sitajificha."

Ndilo neno walilopeania mikono.

Nimerudi kwa njia ya shambani nisikutane na watu.

Ijumaa, 12 Julai

Nilikwenda kwa Mageni. Ngoma iko pale pale kwenye boriti. Alinikaribisha, Evelina akaleta uji. Tuliongea habari ya bei ya tumbaku, ya mgongo wake, ya mgongo wangu. Nikaona tutamaliza uji. Nikamwambia ishushe, Mageni, yale nilisema kwa hasira.

"Ulisema mbele ya watu wa Bukombe."

"Nitakwenda kusema tena mbele yao kwamba nimefuta."

"Makofi yalishapigwa, ngosha."

Akauliza tu alivyoonekana kwenye kamera. Mimi siku zote nikiulizwa habari za Mageni nina neno la kuchekesha. Nilitafuta, halikuwepo. Nikasema, ulionekana vizuri. Akafurahi kama kijana. Akamwita Evelina, njoo usikie, Ndaki amesema vizuri.

Jumamosi, 20 Julai

Kwenye mnada nimepanda jukwaa la mnadi, nimefuta neno langu. Watu walidhani nachekesha. Wakacheka.

Jumatano, 24 Julai

Wanarudia na Mageni nyuma ya bani langu, pale pale kwenye ule mwanga. Alisimama alipoambiwa mara ya kwanza. Luka hakupima mara mbili.

Jumatatu, 29 Julai

Vijana wawili wa Bagika wamekuja kuomba kujiunga na mimi. Nimewafukuza. Mariana amewapa maji.

Jumamosi, 3 Agosti

Ngoma ya mwisho ya msimu. Watu wa sinema wanaondoka kesho. Asteria aliniomba picha yangu moja juu ya kinu, aliyoikosa siku ile, ili yule manju mshindi awepo kwenye hadithi. Wiki zote hizi nilikuwa naitaka hiyo picha.

Tulimwaga majivu kama kawaida. Vijana waliniuliza ya nini, Bagika hawaji. Nikasema mwageni. Upande wa pili kulikuwa na kinyesi cha ng'ombe na ardhi.

Watu walikuja, wakasimama wote kwangu, wapi pengine. Nikapanda kinu. Asteria akajifunga kamera. Luka akapima, nikasimama kimya apime. Evance akaweka mkono begani kwa binti. Nilikuwa nimeinua fimbo ya ngoma nilipoona watu wanapisha njia. Ni Mageni, amevaa shati la kanisani, mikono mitupu. Nikadhani amekuja kupiga, nikaangalia nyuma yake kama kuna mtu ameibeba ngoma yake. Hakuna. Hakwenda upande wake. Alivuka majivu taratibu, akija kwangu, akatafuta nafasi mstari wa mbele kati ya akina mama, akakunja mikono.

Nikashuka kidogo nimwambie. Nikasema, "Mageni, nenda kwenu kule. Nitakungoja."

"Piga, Ndaki," akasema. "Leo nimekuja kutazama."

Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anatazama kweli, kama wanavyotazama watu.

Nikapiga. Ngoma ndogo ilikatika nikaenda kulia. Nilisahau ubeti nilioutunga mwenyewe. Asteria alifika kushoto akanikosa, akarudi, akanisubiri, na mimi sikufika. Sijawahi kupiga vibaya hivyo maishani mwangu, na watu wote walikuwa upande wangu.